Masikio ya Maestro Pelagio

Lumban, Laguna
4 Septemba 1978

Mdogo wangu Selmo,

Salamu kutoka nyumba yenye paa jipya upande mmoja na paa la zamani upande wa pili. Kimbunga cha mwezi uliopita kilibeba mabati ya jikoni, yakaenda kutua kwa jirani ambaye tulikuwa hatusemezani naye, basi imebidi tusemezane. Zaidi ya hapo sote wazima. Kuku wamepungua, paka wameongezeka. Lansones, yale matunda yako ya uani, zimezaa mpaka matawi yanagusa chini. Nazila kwa niaba yako, na tumbo limeshanionya mara mbili.

Kazi ya kudarizi inakwenda. Nina wanawake wanne barazani sasa, na mashati ya harusi ya watu wa Manila yamejaa kwenye viunzi. Midomo ya wanawake hao inakwenda kasi kuliko sindano zao, ndiyo maana mambo ya mji huu nayajua kabla ya padri.

Sasa habari yenyewe. Tarehe ishirini Januari, siku ya sikukuu ya San Sebastian, Baba anatimiza miaka themanini. Meya anajenga jukwaa la muziki kando ya kanisa, nalo litaitwa Jukwaa la Maestro Pelagio Ablaza. Saruji imeshamwagwa. Watu wa redio ya mkoa wamesema watakuja. Rondalla, bendi yake ya magita, itapiga nyimbo zake kubwa zote, na ya mwisho itakuwa "Subiri Maji Yapungue", maana unajua watu wa hapa hawakubali kwenda nyumbani kabla hawajalia. Na kabla ya hiyo, kuna wimbo mpya. Ndiyo, mpya! Tangu Mama afariki, huu mwaka wa tisa, hajatunga kundiman, wimbo wa mapenzi, hata moja, na sasa kila asubuhi yuko mezani na penseli nyuma ya sikio.

Rondalla haijapata mpiga gita wa kwanza tangu uondoke. Njoo, Selmo. Miaka minane inatosha. Maneno mliyorushiana pale uani yalikuwa maneno ya watu wenye njaa. Siku ile chakula kilichelewa, na kosa lilikuwa langu.

Baba anakusalimu sana.

Dada yako,
Conching


Kowloon, Hong Kong
2 Oktoba 1978

Shikamoo, Dada Conching,

Barua yako imefika ikiwa na harufu ya kabati lako, nikaacha kuifungua kwa muda ili harufu isiishe. Mimi sijambo. Hotelini wametushonea sare mpya za rangi ya waridi, na meneja anataka tutabasamu hata kwenye nyimbo za huzuni. Mpiga ngoma wetu ana jino moja la mbele tu, kwa hiyo yeye ameruhusiwa kutotabasamu, na sote tunamwonea wivu. Wiki mbili zilizopita ilikuwa sikukuu yao ya mwezi. Kila mtu anakupa keki nzito yenye kiini cha yai ndani. Nimepewa kumi na moja. Ukiila nzima huhitaji chakula mpaka siku ya pili, lakini huwezi kuinama.

Nimefurahi kuhusu jukwaa. Baba anastahili hata kanisa lenyewe.

Kuja ndiyo shida. Januari Wachina wana mwaka wao mpya, hoteli inajaa mpaka ngazini, na mkataba hauniruhusu kupumua. Labda mwaka ujao.

Lakini ngoja nikuulize jambo. Unasema Baba ananisalimu sana. Kwa maneno gani? Baba ninayemjua mimi hawezi kusalimu "sana". Maneno yake ya mwisho kwangu ninayo mpaka leo: "Ukienda kuwapigia walevi nyimbo za watu, nyimbo zangu ziache hapahapa mlangoni." Ulikuwepo, umeshika mwiko.

Tuache hayo. Lansones unaziponda kwa meno au unazinyonya? Mpiga ngoma anauliza, tumewekeana dau.

Mdogo wako,
Selmo


Lumban
30 Oktoba 1978

Selmo,

Lansones zinanyonywa. Anayeponda atauma mbegu, na uchungu wake utamtoa imani. Mwambie mpiga ngoma.

Nyumbani wazima, paka wamefika saba. Sasa kaa chini.

Nilikudanganya. Baba hakukusalimu. Hakukusalimu kwa sababu nilipomwuliza kama ana neno kwako, hakunisikia.

Hasikii, Selmo. Sisemi kwamba anasikia kidogo. Niligundua Juni. Rondalla walikuwa wanafanya mazoezi chini ya nyumba kama kila Alhamisi, Baba amesimama mbele, amefumba macho, mkono wake unapanda na kushuka. Katikati ya wimbo uzi wa besi ya Mzee Usting ukakatika, paa! Ukamchapa mkononi, akapiga kelele, na wote wakaacha kupiga. Baba hakuacha. Akaendelea kuongoza, macho yamefumbwa, anatabasamu pale palipo patamu, anawatuliza wapigaji wa bandurya, vile vigita vidogo, kwa kidole pale wanapopenda kukimbia. Sisi tumesimama tunamtazama anavyoongoza ukimya. Nilikuwa na sinia la uji wa chokoleti mkononi, likaanza kulia vikombe.

Mzee Usting ndiye aliyenong'ona, "Pigeni. Pigeni pale alipofika." Wakatazama mkono wake, wakahesabu, wakaingia. Walimwahi kwenye ubeti wa mwisho. Baba akafumbua macho, akawatazama mmoja mmoja. "Vizuri," akasema, "ila bandurya mmekimbia kidogo."

Hakuna aliyecheka. Mzee Usting alitoka nje akasimama uani na uzi wake uliokatika, amenipa mgongo.

Tangu siku hiyo wote kumi na wawili wanatunza siri. Akiinua mkono wanapiga, akishusha wanaacha. Mimi nyumbani nasimama mbele yake ninapoongea ili asome midomo, na mara nyingi anasoma vibaya. Juzi nilimwuliza kama anataka wali zaidi, akanijibu, "Alhamisi."

Tungeweza kuendelea hivyo mpaka Januari, ila kuna wimbo mpya. Sehemu ya kwanza ni nzuri, ya pili ndiyo usiseme. Sehemu ya tatu inapigana yenyewe kwa yenyewe. Bandurya za pili zinakwaruzana na gita mpaka mbwa wanaondoka. Wapigaji hawajui kama Baba amekosea au kama ameona kitu ambacho wao hawajakifikia. Na nani atamwambia? Kumwambia hilo ni kumwambia kwamba hasikii, na kwamba tunajua.

Mimi nimenakili muziki wake miaka thelathini, mkono wangu unaujua. Lakini anayejua alichokusudia, akisoma tu, ni wewe. Njoo. Sikuombi kwa ajili ya jukwaa.

Conching


Kowloon
4 Desemba 1978

Dada,

Nisamehe ukimya. Nimekaa na barua yako wiki tatu chini ya mto, na kila nikijaribu kujibu naona vikombe vinalia kwenye sinia.

Nakutumia karatasi ya duka linalouza vifaa vya masikio. Maandishi ni ya Kichina, lakini picha inajieleza: mzee ana kidude sikioni, mke wake anapiga kelele kwa furaha. Kama unaona kitafaa, niambie nikinunue.

Nimecheza mchezo mmoja jana jioni: niliweka pamba masikioni nikapiga nyimbo tatu. Mpiga ngoma anasema ndiyo siku niliyopiga vizuri kuliko zote. Sijui nilie au nicheke.

Siwezi kuja, Dada. Usidhani sitaki. Kuna jambo ambalo ingefaa nikueleze, lakini karatasi imeisha.

Selmo

Nimesahau: Perlita, binti wa fundi viatu, anayefanya kazi za nyumbani huku kwa familia moja, anakuja likizo ya Krismasi. Akikuletea kitu chochote chenye jina langu, kiweke kabatini mpaka nitakapokuandikia.


Lumban
28 Desemba 1978

Anselmo,

Karatasi ilikuishia, lakini nafasi ya kumwandika Perlita ikapatikana.

Barua yako imefika jana. Perlita alifika tarehe ishirini na mbili. Kama posta wangekuwa na miguu ya Perlita, mambo yangekuwa mengine.

Alikuja barazani kwangu na redio ya kaseti kubwa kama sanduku la nguo, nywele kazikunja kwa moto, anawaambia wanawake wangu, "Sikieni wimbo unaopigwa Hong Kong kila duka!" Akabonyeza. Msichana wa Kichina akaanza kuimba, nyuma yake ngoma kama mtu anayeanguka ngazini. Wanawake wakaweka sindano chini wakaanza kucheza. Hata mimi mguu ulinicheza, nakiri. Mzee Usting alikuwa amekuja kuchukua shati lake la sikukuu. Akainamisha kichwa, akasikiliza mstari wa pili.

"Conching," akasema, "hii si 'Subiri Maji Yapungue'?"

Kila mtu akasimama kama alivyo. Nikachukua kile kijaluba cha kaseti. Herufi za Kichina kila mahali, na mstari mmoja tu ambao tunaweza kuusoma: Muziki, Anselmo Ablaza.

Baba alikuwa mlangoni. Aliona wanawake wanacheza, kisha akaona hawachezi. Akaja taratibu, akaweka kiganja juu ya redio kama mtu anayempima mtoto homa. Nikaona vidole vya mkono wa pili vinahesabu.

"Mapigo manne," akasema. "Ni wimbo gani huu?"

Nikachukua chaki ya kuchorea maua, nikaandika kwenye kitambaa: WAKO.

Akasoma. Akachukua kijaluba, akasoma na pale palipo na jina lako. Kisha akanyanyua macho akanitazama, na hapo ndipo nilipogundua nilichofanya. Nilikuwa nimemwandikia badala ya kumsemesha.

"Umejua tangu lini?" akaniuliza.

Nikaandika: JUNI.

"Na Usting?"

Mzee Usting akaitikia kwa kichwa.

"Wote?"

Wote.

Akakaa kwenye kigoda cha mmoja wa wanawake, juu ya mkia wa shati la mtu. "Washenzi," akasema. Kisha akaongeza, "Kumbe wananifuata vizuri."

Siku mbili zikapita. Nilipika, akala. Niliandika maswali, hakuyasoma. Siku ya Krismasi, tumetoka kanisani, akaniambia, "Mwandikie." Haya ndiyo maneno yake, sijayapunguza.

"Mwambie kwanza kwamba kundiman ina mapigo matatu. Kuipa manne ni kumvalisha bibi harusi viatu vya jeshi.

"Pili, mwambie mwaka wa ishirini na tatu kulikuwa na mama mmoja anaitwa Sabel, anauza jibini nyeupe ya maziwa ya nyati. Alipita chini ya dirisha langu kila asubuhi akiita, 'Jibiniii, jibini yaangu.' Mlio ule unapanda, unakaa, unashuka. Ndio mwanzo wa 'Subiri Maji Yapungue'. Nimeuchukua kama ulivyo. Mama yenu alidhani nimeupata kwa kumlilia yeye ng'ambo ya mto wakati wa mafuriko, na mimi sikumsahihisha. Nilinunua jibini ya Sabel miaka ishirini, nikala, nikamshukuru kwa jibini. Kwa wimbo sikumshukuru hata siku moja. Sasa nitamfokea mwanangu kwa uso gani?

"Tatu, jina alirudishe. La Sabel nitalirudisha mimi.

"Nne, sehemu ya tatu sina hakika nayo. Aje anisikilizie."

Hayo ndiyo yake. Ya kwangu ni kwamba nimekasirika, na hasira yangu itakwisha tarehe utakayoshuka kwenye basi pale mjini.

Dada yako


SIMU YA MAANDISHI
Kowloon, 5 Januari 1979

NAFIKA TAREHE KUMI NA NNE. NIMEMWAMBIA MENEJA NINA BABA. NIOMBEE RADHI KABLA SIJAFIKA. SELMO


Kowloon
9 Februari 1979

Dada mpendwa,

Nimerudi salama, sare ya waridi inaninong'oneza. Jibini mliyonifungia iliondoka siku ya kwanza. Mpiga ngoma ameila kwa jino lake moja, na sasa anauliza kama familia yetu inapokea watoto wa kulea.

Kuna mambo ambayo hukuyaona, kwa kuwa ulikuwa unahangaika na mashati na wageni. Nakuandikia uyajue.

Siku niliyofika ulishuhudia mwenyewe: alinipa mkono, nikauweka kwenye paji la uso kwa heshima, akasema nimenenepa. Mbele yenu yakaishia hapo. Kesho yake ulipokwenda sokoni nikampa barua niliyoiandika kwenye ndege, kurasa tatu za kuomba msamaha. Nilimweleza kila kitu. Kwamba kwa miaka sita nimekuwa nikiupiga wimbo wake hotelini kila siku mwisho wa zamu, kwanza kwa mapigo matatu, kwa upweke tu. Kwamba meneja alisema watu hawawezi kuucheza, nikaupa manne. Kwamba mtu wa studio aliposikia akautaka, akauliza, "Mtunzi?" nikasema, "Ablaza," akauliza, "Anselmo?" Dada, lilikuwa neno moja tu la kumsahihisha. Nilitazama jina langu lilivyokaa pale, nikanyamaza.

Baba akachukua penseli nyekundu. Akasoma kurasa zote tatu akizisahihisha. "Hapa umerudia neno. Hapa umejitetea mno. Hapa pazuri." Alipomaliza akaigeuza barua, akachora mistari ya muziki mgongoni mwake, akasema, "Sasa lete gita." Hicho ndicho kilikuwa kikao chetu cha suluhu.

Aliweka taya lake juu ya mbao ya gita, ndevu zake zinanichoma mkono, nikampigia sehemu ya tatu, mstari kwa mstari, kutoka kwenye karatasi yake mwenyewe. Ilikuwa sawa. Kila sauti ilikuwa mahali pake, na pale penye mwisho nilishindwa kuendelea kwa muda. Baba akainua kichwa. "Kwa nini umeacha? Nimekosea?" Nikamtikisia kichwa. Akanipapasa bega.

Basi tukaleta karatasi za wapigaji, zile ulizonakili wewe. Karatasi za bandurya za pili, Dada, ukurasa wa nne haukuwa wa wimbo huo. Ulikuwa wa wimbo mwingine kabisa, ule wa mavuno. Umeunakili vizuri, mwandiko safi, wala hukujua.

Baba aliukazia macho ukurasa ule kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Akasema, "Conching hajakosea tangu ana miaka kumi na sita. Amechoka." Akaniambia niunakili upya mwenyewe na nisikuambie. Nakuambia.

Siku ya sikukuu uliniona nimekaa nyuma yake jukwaani. Najua mliambizana kwamba namfukuzia nzi. Nilikuwa nampigia mapigo mgongoni, nikimwonyesha kwa vidole nani ameingia na nani ametoka. Wimbo mpya ulipofika ile sehemu ya tatu nilisahau kupiga. Hakugeuka. Alisema tu, "Nimefika, nipo." Na aliposimama kuwaambia watu wote, na redio inasikia, kwamba yeye ni kiziwi na kwamba nusu ya wimbo wanaoulilia ni ya muuza jibini, nilitazama upande wako nikaona unacheka na kulia pamoja, umeziba uso kwa shati la mteja.

Jina limerudishwa. Kaseti mpya zimetoka juzi, nakutumia mbili.

Sasa la mwisho. Kifungo cha shati langu kilitoka siku ya kuondoka. Nilifungua droo yako kutafuta uzi. Kuna barua nne mle kutoka shule ya ufundi ya Iloilo, wakikuita ukafundishe kudarizi kwenye kitambaa cha nyuzi za nanasi. Ya kwanza ni ya mwaka sabini na sita. Ya mwisho wanakuuliza kama umekufa.

Kwa nini hukuniambia?

Selmo


Lumban
26 Februari 1979

Selmo,

Kaseti zimefika. Baba anatembea na moja mfukoni kama kitambulisho.

Kiziwi wetu ana raha siku hizi. Zamani aliuficha uziwi wake, sasa anautumia. Meya alikuja kumwomba atunge wimbo wa kumsifu, Baba akaweka mkono sikioni mara tano mpaka Meya akachoka akaondoka. Kumbe midomo yake aliisoma yote tangu mwanzo. Mjukuu wa Bi Sabel anatuletea jibini kila Jumamosi na hataki kulipwa. Redio wamepiga wimbo mpya mara tatu, na mara zote tatu mtangazaji amekosea kutamka jina letu. Paka wamezaa tena.

Ukurasa wa nne nimeutafuta nikauona. Ni kweli.

Droo ya mtu haipekuliwi.

Conching


Kowloon
18 Machi 1979

Dada,

Barua yako ina mistari kumi na saba. Kumi na nne inahusu watu wengine, jibini na paka. Nimeihesabu.

Hutaki kuniambia, basi nitasema mimi. Mimi niliondoka na gita, wewe ukabaki na Baba, mazoezi ya Alhamisi, kunakili, na baadaye siri yenyewe. Hukuniambia kwa sababu ungeniambia ningelazimika kurudi, na wewe hukutaka nirudi kwa kulazimika. Nimekosea? Kama nimekosea, niandikie barua ndefu ya matusi.

Mkataba wangu unaisha mwishoni mwa Aprili. Wamenipa mpya, sijausaini. Kinanda nimekiuza kwa mpiga ngoma, ambaye hajui kukipiga. Gita nakuja nalo. Nitalala chumba cha nyuma. Kupika sijui, lakini miaka minane ya Hong Kong imenifundisha kununua chakula kilichopikwa. Kunakili nitanakili mwenyewe, na mwandiko wangu mbaya Baba atausahihisha kwa penseli nyekundu, itampa afya.

Usikasirike kwa hili linalofuata. Nimewaandikia Iloilo. Sikuahidi chochote, nimewauliza tu kama nafasi bado ipo. Wamejibu kabla yako. Muhula unaanza Juni.

Ukisema hapana, ni hapana. Lakini iseme wewe, usimsingizie Baba. Nimeshamwandikia pia. Jibu lake lina neno moja, na wino umelowesha karatasi mpaka upande wa pili: "Aende."

Selmo


Iloilo
17 Juni 1979

Ndugu yangu Selmo,

Nakusalimu wewe na Baba na paka wote. Ni mara ya kwanza maishani naandika anuani ya Lumban juu ya bahasha, na mkono ulisita kwenye namba ya nyumba. Sikuwa nimewahi kuihitaji.

Meli ilichukua siku moja na usiku wake. Nilitapika upande wa kushoto, kisha nikatapika upande wa kulia ili nione mandhari ya huko pia. Nimepewa chumba chenye dirisha juu ya uwanja wa shule. Siku ya kwanza nililala mpaka saa mbili asubuhi, jua liko juu, nikaamka nimeshtuka nikitafuta uji wa nani umeungua.

Nina wasichana ishirini na wawili. Lugha yao ni tamu, wanaongea kama wanabembeleza hata wanapogombana, na mimi naielewa nusu. Juzi nilidhani nimeomba mkasi, nikaletewa samaki. Nilimpokea nikashukuru, nikampika. Kitambaa chao ni chepesi mno, ukipumua kinasogea. Wiki nzima nilijifunza kupumua pembeni.

Nimesoma barua yako ya Machi mara nyingi. Ulisema nikuandikie matusi kama umekosea. Hukukosea. Nilikuwa na hasira na wewe miaka minane, na nilikuwa nakutumia lansones kwa maneno kila mwaka ili usijue. Sasa unajua, na mimi nimechoka kuwa nayo. Itupe mtoni.

Nimefurahi kwamba Mzee Usting amekubali umsaidie besi, na kwamba Baba anakufokea kila siku saa nne. Akifoka, mtazame usoni, usiinamishe kichwa, maana anataka kujua kama umeelewa na hawezi kusikia "ndiyo" yako. Dawa yake ya kifua inywewe kabla ya chakula. Atasema ameshakunywa. Hajanywa.

Nina jambo moja la kukueleza ambalo sijui Baba atalipokeaje, kwa hiyo lisome wewe kwanza, kisha uamue kama utamwonyesha. Huku hakuna anayejua mimi ni binti wa nani. Jina langu lote, Consolacion Ablaza, wanaliandika kwenye daftari la mahudhurio na kugeuza ukurasa. Jana msichana mmoja, mkono wake mzuri kuliko wa wote, alisimama nyuma ya kiunzi changu akatazama muda mrefu. Akaniuliza, "Mwalimu, kwenu mnafanya kazi gani?"

Kwa miaka arobaini na sita nimelijibu swali hilo kwa jina la Baba. Nilimtazama yule mtoto nikamwambia, "Nadarizi."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu kamili. Akarudi kwenye kiti chake.

Sikumtaja Baba, na sikufanya hivyo kwa ubaya. Nampenda, na siku moja nitawapigia kaseti zake zote, mapigo matatu na manne. Nataka tu nikae kwanza wiki moja nikiwa mtu aliyetoka kwake mwenyewe. Kwa ninavyoiona, wiki hiyo itaendelea mpaka Desemba.

Dada yako,
Consolacion